Haraka Hupimwa kwa Urefu wa Bomba

Vali nyingi kubwa za viwandani siku hizi hazifungwi kwa mkono. Juu ya vali hukaa silinda yenye pistoni; kompresa husukuma hewa ndani ya silinda, pistoni husogea, na mhimili wa vali huzunguka robo duara hadi njia ya bomba ikafunguka au ikazibwa. Hewa iliyoshindiliwa ina nguvu na haina subira. Ikiachiwa njia itafunga vali nzito kabla mtu hajamaliza kutamka jina lake. Ndiyo maana kwenye mdomo wa silinda, pale mrija wa hewa unapoingia, mafundi hufunga kifaa kidogo cha shaba ya manjano kisichozidi kidole gumba. Ndani yake mna njia mbili. Moja ina kilango kinachoruhusu hewa kupita upande mmoja tu, bila kizuizi chochote. Ya pili ni kitundu chembamba, na ncha kali ya skrubu hukiziba zaidi au kukiachia zaidi. Fundi hukaza skrubu nusu mzunguko, huiamuru vali ifunge, husikiliza mlio wa hewa ikitoka, hutazama saa, hulegeza kidogo, hurudia. Akiridhika hukaza nati inayoishika skrubu ili mtetemo wa mashine usiisogeze, kisha hukusanya vifaa vyake na kuondoka. Tangu hapo, kila vali itakapofunga, usiku au mchana, yeye akiwa amelala au amehama mji, itafunga kwa muda aliouchagua yeye.

Muda huo ni sehemu ya tendo lenyewe, au ni sifa ya nje tu, kama rangi iliyopakwa kwenye vali? Wengi wetu huishi kana kwamba ni sifa ya nje. Tunadhani tendo ni lile linalotendwa, yaani kufunga, kusema, kuhukumu, kuacha, na kasi ni namna tu ya kulitenda. Kwa fikra hiyo, maadili huuliza nini kimetendwa na kwa nia gani, halafu suala la muda huachiwa mafundi na makarani. Ninadai kwamba fikra hiyo ni kosa, na kwamba kosa hilo lina gharama. Anayeamua tendo lichukue muda gani ameamua tendo hilo ni tendo gani. Zaidi ya hayo, kipimo cha haraka hakimo ndani ya saa ya mtendaji. Kimo katika umbali ambao tendo lake linafika.

Ushahidi wa kwanza ni wa fizikia. Mnamo 1897 na 1898 mwanasayansi Mrusi Nikolai Zhukovsky alifanya majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow, akitafuta kwa nini mabomba hupasuka vali inapofungwa ghafla ilhali mgandamizo wa kawaida wa maji hauna nguvu ya kuyapasua. Maji yanayokwenda ndani ya bomba ni uzito unaotembea. Njia ikizibwa mbele yake, maji yaliyo karibu na vali husimama kwanza, na yaliyo nyuma hayana habari. Huendelea kuja, hujibana dhidi ya yale yaliyosimama, na mbano huo hurudi nyuma kama wimbi, kwa mwendo ambao katika bomba gumu la chuma hukaribia mita 1,200 kwa sekunde. Hesabu yake inatisha kwa ufupi wake. Kila mita moja kwa sekunde ya mwendo wa maji inayozimwa ghafla huzaa mgandamizo wa ziada unaolingana na uzito wa safu ya maji yenye kimo cha mita 120 hivi. Mita moja kwa sekunde ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Maji yaliyokuwa yakitembea namna hiyo, yakisimamishwa ghafla, hupiga kuta za bomba kana kwamba ziwa limewekwa juu ya mlima na kuachiwa.

Kilicho muhimu zaidi kwa hoja hii ni maana ambayo hesabu hiyo inalipa neno "ghafla". Vali imefungwa ghafla iwapo imemaliza kufunga kabla wimbi halijafika mwisho wa pili wa bomba, kwenye tangi au bwawa, na kurudi. Katika bomba la mita 60, safari hiyo ya kwenda na kurudi ni sehemu ya kumi ya sekunde. Katika bomba la kilomita 12 ni sekunde 20. Bomba linaloteremsha maji kutoka chemchemi za Mzima, Tsavo, hadi Mombasa lina urefu wa kilomita 220 hivi. Lau lingekuwa mkondo mmoja usiokatwa na tangi lolote njiani, habari ya vali iliyofungwa Mombasa ingechukua dakika sita kwenda Mzima na kurudi kwa mwendo huohuo. Kwa hiyo mkono uleule, vali ileile, sekunde tano zilezile, ni upole kwenye bomba fupi na ni pigo kwenye bomba refu. Anayesema "sekunde tano si haraka" hajasema kitu bado, mpaka aseme bomba lina urefu gani. Hapa ndipo ninapoichukua kanuni yangu: tendo ni la haraka pale linapokamilika kabla habari yake haijawafikia linaowagusa na jibu lao halijamrudia mtendaji.

Mwaka 1950, katika kituo cha umeme wa maji cha Oigawa nchini Japani, mafuta ya mfumo ulioiongoza vali yalitoka wakati wa matengenezo, na vali ikafunga kwa kasi ambayo haikukusudiwa. Wimbi lililozaliwa lilipasua bomba kubwa linaloshusha maji. Kisha maji yalipomwagika kwenye mpasuko yaliacha utupu nyuma yake, na sehemu kubwa ya bomba la juu ikabonyea kwa mgandamizo wa hewa ya nje. Pale palikuwa na mafuta badala ya hewa, lakini jambo ni lilelile. Vali haikufungwa kwa upande usiofaa, wala haikuwa vali isiyofaa, wala kuifunga hakukuwa kosa, maana vali ile iliwekwa ifungwe. Ukiandika kwenye daftari la kituo kwamba vali ilifungwa, umeandika maneno yanayoweza kueleza kazi ya kila siku na yanayoweza kueleza maangamizi. Kinachotofautisha mawili hayo ni muda peke yake. Basi muda si pambo la tendo. Bila huo hatujui bado kilichotendwa ni kipi.

Nitaambiwa kwamba chuma hakina dhamiri, na kwamba kuvuta maadili kutoka kwenye bomba ni kucheza na mifano. Ningekubali kama ningekuwa ninadai kwamba nafsi ni bomba. Sidai hivyo. Ninadai kwamba matendo yote, ya chuma na ya ulimi, hutendwa ndani ya kitu kinachobeba athari kwa mwendo wake chenyewe: maji, ukoo, soko, kijiji. Hakuna tendo linalofika kila mahali papo hapo. Na kama kuna muda kati ya kutenda na kufika, basi kuna uwezekano wa kumaliza kabla ya kujua, na uwezekano huo ni wa mwanadamu aliyekaza skrubu, si wa skrubu. Pingamizi lenye uzito zaidi hutoka ndani ya dini. Waislamu wamefundishwa kwamba matendo hulipwa kwa nia, na Wakristo kwamba Mungu hutazama moyo. Ikiwa nia ni safi, sekunde zina neno gani? Najibu kwamba nia isiyofika kwenye namna ya kutenda haijawa nia kamili. Ni matamanio tu. Anayekusudia kumnywesha mgonjwa dawa lakini hataki kujua kipimo chake hakukusudia kumponya, alikusudia kujisikia ametenda wema. Mjinga asiyeweza kujua ana udhuru. Lakini aliyeweza kulipima bomba na hakulipima, nia yake ilikoma mahali fulani kabla ya tendo, na pale ilipokoma ndipo lawama inapoanzia.

Kisha kuna jinsi ya kupunguza kasi, na hapa ufundi unafundisha jambo ambalo watu wa maadili wengi wamelikosea. Njia inayokuja akilini kwanza ni kupunguza nguvu: ukitaka pistoni iende polepole, banisha hewa inayoingia. Matokeo yake ni mabaya. Hewa huingia kidogo kidogo nyuma ya pistoni, na pistoni, ikiwa imeshikwa na msuguano, haisogei. Mgandamizo unapanda taratibu hadi unaushinda msuguano, na hapo pistoni inaruka. Ikisharuka, nafasi nyuma yake imepanuka, mgandamizo umeshuka, pistoni inakwama tena. Vali inakwenda kwa kushtuka na kusita, na kila mshtuko ni pigo dogo ndani ya bomba. Kwa hiyo kwenye silinda inayosukumwa na hewa pande zote mbili mafundi huiacha hewa inayosukuma iingie bila kizuizi, na hubana ile inayotoka upande wa pili. Pistoni husukumwa kwa nguvu zote na hupingwa njia nzima, na mwendo wake huwa mmoja, tulivu, wa kutabirika. (Silinda inayorudishwa na springi ina mdomo mmoja tu wa hewa, hivyo wakati wa kuingiza hewa mafundi hawana budi kuibana pale pale inapoingia, lakini hata hapo springi yenyewe ndiyo inayotoa upinzani.) Utulivu wa mashine haupatikani kwa kuidhoofisha. Unapatikana kwa kuipa kitu cha kushindana nacho.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliligusa jambo hili katika kitabu chake Ihya aliposema juu ya kuizoeza nafsi. Aliwapinga wanaodhani kwamba lengo ni kung'oa hasira na matamanio hadi mizizi. Kwake, mtu asiye na hasira kabisa hawezi hata kujikinga na kinachomwangamiza. Lengo ni hasira iwe chini ya akili, itoke inapoitwa na irudi inapoambiwa irudi. Aristotle, zaidi ya miaka 1,400 kabla yake, alimsifu mwenye kukasirika juu ya jambo linalostahili, na watu wanaostahili, kwa wakati unaostahili na kwa muda unaostahili. Tuutazame huo muda. Hakusema akasirike kidogo. Wahubiri wanaowataka vijana wapoe, wasiwe na msukumo, wasitake sana, wanabanisha hewa inayoingia, na wanavuna watu wanaokaa kimya miaka mitatu kisha wanaruka siku moja. Kinachohitajika ni msukumo kamili ukutane na kitu kinachoupinga njiani: desturi ya kushauriana, sharti la kuandika kabla ya kutamka, shahidi wa pili, usiku mmoja wa kulala kati ya uamuzi na utekelezaji.

Hadi hapa mtu angeweza kudhani ninaandika sifa za polepole. Kuna mapokeo mashuhuri kwamba utulivu hutoka kwa Mwenyezi Mungu na haraka hutoka kwa Shetani, na Waswahili hatukuchelewa kuyapa mwili katika methali. Lakini methali hizohizo husema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Bila kipimo tunachagua methali inayotufaa siku hiyo. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini lililipuka na kuungua, na watu 167 wakafa. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Cullen, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 1990, ulionyesha kwamba majukwaa mawili yaliyounganishwa nalo kwa mabomba, Claymore na Tartan, yaliendelea na uzalishaji kwa muda huku moto ukiwa umekwisha onekana. Waliokuwa na mamlaka pale walisita kufunga bila idhini ya wakubwa wao. Kwa kipimo cha saa hawakuwa na pupa. Walisubiri, waliuliza, walizingatia ngazi za uongozi. Kwa kipimo ninachokitetea walikuwa na kosa la wazi, kwa sababu jibu lilikuwa limekwisha rudi. Moto ulikuwa ndio jibu. Kusubiri kuna haki yake wakati habari iko njiani. Habari ikishafika, anayeendelea kusubiri hasubiri tena, anakataa kusikia. Kanuni inayomzuia mwenye pupa ndiyo hiyohiyo inayomhukumu mzembe.

Wanazuoni wa zamani waliliona hili. Inasimuliwa kwamba Hatim al-Asamm, mchaji wa karne ya tisa, alitoa mambo matano katika ile hukumu ya haraka kuwa ya Shetani: kumkirimu mgeni kwa chakula, kumzika maiti, kumwoza binti, kulipa deni lililofika wakati wake, na kutubu dhambi. Orodha hiyo huonekana kama mkusanyo wa adabu tu, lakini ukiitazama kwa kanuni ya bomba utaona ina mantiki moja. Mgeni yuko mlangoni na njaa yake. Maiti amekwisha kufa. Siku ya deni imefika. Dhambi imekwisha julikana kwa aliyeitenda. Habari zote ziko mkononi, na kuna mtu upande wa pili anayebeba uzito wa kila saa inayopita. La tatu sikubaliani nalo. Ndoa ya binti ni bomba refu kuliko yote matano, linafika kwa watoto ambao hawajazaliwa, na jibu linalotakiwa kwanza ni la binti mwenyewe. Pale ambapo hajaulizwa akajibu kwa hiari yake, haraka ya baba ni haraka ileile iliyokatazwa.

Wala kipimo hiki hakileti mwendo wa kati na kati, kama wengi wanavyouelewa wastani. Aristotle mwenyewe alionya kwamba wastani wa uadilifu si nusu ya hesabu, kwa kuwa chakula kinachomfaa bingwa wa mieleka si kinachomfaa anayeanza mazoezi. Katika bomba refu, vali inapoanza kufunga, mtiririko haupungui kwa kadiri ileile. Sehemu kubwa ya safari ya vali hupita maji yakiwa karibu na mwendo wake wa kawaida, na kinachoyakata hasa ni sehemu ya mwisho. Kwa hiyo wahandisi huweza kuipanga vali ifunge mbio hatua ya kwanza, kisha itambae hatua ya mwisho. Hiyo ni kasi na upole ndani ya tendo moja, kila kimoja mahali pake. Hakimu mwenye hekima hufanya vivyo hivyo bila kujua habari za vali: huzuia madhara siku hiyohiyo, humtenga mshukiwa na mlalamikaji, huhifadhi ushahidi, kisha hukumu yenyewe huiendea kwa hatua ndogo. Anayegeuza mpangilio huo, akachelewa kuzuia na akakimbilia kuhukumu, huenda akatumia siku zilezile na akatenda dhuluma mara mbili.

Lakini dharura haimwachii mtu nafasi ya kuchagua kasi, watasema. Kweli, na vali zimetengenezwa kwa kuijua kweli hiyo. Vali nyingi za usalama hushikiliwa wazi na hewa na hufungwa na springi: hewa ikikosekana, umeme ukikatika, mrija ukipasuka, springi hufunga bila kuuliza mtu. Malori na mabasi yenye breki za upepo yana fikra hiyohiyo, nayo ni ya kale. George Westinghouse, ambaye breki yake ya kwanza ya upepo ya treni ya mwaka 1869 ilitegemea hewa ifike ndipo ifunge, aliigeuza miaka michache baadaye ili upungufu wa hewa wenyewe uwe ndio unaofunga. Katika saa ya dharura hakuna anayechagua. Ila springi ilichaguliwa, na kitundu cha kutolea hewa kilipimwa, katika saa ya utulivu. Aristotle alisema kwamba ushujaa huonekana zaidi katika hatari ya ghafla kuliko katika hatari iliyotarajiwa, kwa sababu katika ghafla mtu hana muda wa kupiga hesabu na hutenda kwa jinsi alivyo. Hakuna anayewajibika kwa sekunde ile ya mshtuko peke yake. Tunawajibika kwa miaka iliyoipanga sekunde ile. Mtu anayesema "nilimpiga kwa hasira, sikuwa na muda wa kufikiri" anasema kweli kuhusu dakika ile, na anaficha dakika zote zilizoitangulia.

Sheria ya Kiislamu ina mfano mmoja wa kanuni hii ambao sijaona bora kuliko huo. Talaka ni tendo la maneno mawili matatu, na lau tendo lingekuwa ni maneno tu lingekwisha kabla pumzi haijarudi kifuani. Lakini sheria ililiwekea eda. Mwanamke aliyeachwa naye yuko katika umri wa kupata hedhi hukaa twahara tatu, kwa madhehebu ya Shafi'i yanayofuatwa na wengi pwani. Mjane, miezi minne na siku kumi. Mja mzito, hadi ajifungue. Miongoni mwa hekima walizozitaja wanazuoni ni kujulikana kama tumbo lina mtoto, na katika talaka rejea, nafasi ya mume kumrudia mkewe. Muda huo haukukadiriwa kwa hasira ya mume wala kwa urahisi wa kadhi. Umekadiriwa kwa kitu kinachotakiwa kujibu: mwili una mwendo wake wa kutoa habari, na tendo limeamriwa lisikamilike kabla habari hiyo haijafika. Khitilafu kongwe juu ya talaka tatu zinazotamkwa kwa mkupuo, ambazo jumhuri ya wanazuoni walizihesabu kuwa tatu na Ibn Taymiyya akazihesabu kuwa moja, ni khitilafu juu ya iwapo ulimi unaweza kuivunja skrubu iliyokwisha kukazwa. Mimi naegemea kwa anayesema hauwezi.

Siasa nayo ina mfano wake, mzito zaidi kwa wingi wa watu. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere aliandika juu ya ujamaa vijijini akisisitiza kwamba watu washawishiwe kwa mfano na hoja, wasisukumwe. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kazi iwe imekamilika kabla ya mwisho wa 1976. Lengo halikubadilika: maji, shule, zahanati na umoja, vitu ambavyo watu waliotawanyika hawavipati kirahisi. Sina shaka na nia ya Mwalimu. Kilichobadilika ni muda, na kwa kubadilika huko sera ikawa sera nyingine. Swali la kama mahali fulani panafaa kujengwa kijiji hujibiwa na udongo, na udongo hujibu baada ya masika kupita na mavuno kupimwa, pengine mara mbili au tatu. Mamilioni walihamishwa na viongozi waliokuwa wakishindana kuwahi tarehe, wengine wakapelekwa kando ya barabara mbali na mashamba yao, kabla jibu la msimu mmoja halijarudi kwa aliyeamuru. Njaa ya 1974 na 1975 ilikuwa na sababu nyingi, ukame ukiwemo, na wataalamu bado wanabishana kila sababu ilichangia kiasi gani. Hoja yangu haihitaji mgawanyo huo. Inatosha kwamba mkono ulikuwa na uwezo wa kufika Kigoma na Mtwara kwa amri ya siku moja, huku sikio likihitaji miaka kusikia kutoka hukohuko. Kadiri mkono unavyofika mbali ndivyo mwenye mkono anavyopoteza haki ya kwenda mbio. Mkulima anayejaribu mbegu mpya kwenye tuta moja ana ruhusa ya pupa ambayo serikali haina.

Pingamizi la mwisho ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa kuwa wanaolitoa wana makovu. Subira, wanasema, huhubiriwa na aliyeshiba. Kibarua anayedai mshahara huambiwa asubiri, mwenye ardhi iliyoporwa huambiwa tume inaundwa, na taratibu huwa pazia la kudhulumu. Ni kweli tupu. Ila kanuni niliyoitetea haimpi mdhulumu hifadhi, bali inamnyang'anya. Muda wa kufunga vali hautolewi na aliyeketi kwenye chumba cha kuongozea, wala na anayetaka kumaliza zamu yake; unatoka kwenye urefu wa bomba na uimara wa kuta zake, na lazima mtu akalipime. Kibarua amekwisha fanya kazi, na mwajiri ameiona kazi hiyo. Aliyeporwa amekwisha sema, tena mbele ya mashahidi. Hakuna wimbi lililo njiani hapo ambalo mtu analingoja.

Linabaki tendo moja ambalo kipimo hiki kinalifikia na kukwama. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na Tanzania tangu 1994, lakini adhabu ya kifo bado imo katika sheria za nchi zote mbili, na watu hukaa magerezani miaka mingi chini ya kivuli chake. Wapo wanaosema kwamba miaka hiyo ya rufaa na msamaha ndiyo polepole inayostahili uzito wa tendo. Nimejaribu kuwakubalia, na hoja hainiruhusu. Jibu la aliyenyongwa halirudi kwa aliyemnyonga, si baada ya mwaka, si baada ya ishirini; hilo ni bomba lisilo na mwisho wa pili, na hakuna muda wa kufunga unaoweza kuitwa taratibu mbele yake. Hata kisasi kama kilivyowekwa katika sheria ya Kiislamu hakikuachwa kwa mtawala peke yake akitekeleze kwa saa yake: warithi wa aliyeuawa wana haki ya kusamehe au kupokea fidia, na haki hiyo haiwatoki hadi dakika ya mwisho, jambia likiwa limekwisha inuliwa.